Brashi Mkononi: "Mtu wangu kama amebandikwa"

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji mnaojifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha za Zama za Mwamko (Renaissance), zile zenye mtu mbele na mandhari nyuma, mniandikie mlipokwama. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu nusu yake zinalia kilio kimoja, kwa hiyo naanza nacho na nitakipa nafasi kubwa. Wanaouliza kuhusu rangi za maji wanisamehe. Huko mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi.

*

Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwezi wa nne nanakili "La Tempesta" (Dhoruba) ya Giorgione, mchoraji wa Venice, kutoka kwenye picha iliyochapishwa. Yule mama anayenyonyesha nilimmaliza kwanza, na kila aliyemwona alimsifu. Kisha nikaanza miti, mto, daraja na mawingu. Sasa mama anaonekana kama nimemkata kwenye gazeti nikambandika. Nimempunguza mwanga usoni, nimemwekea kivuli chini, wapi! Nifute nianze upya? – Mama wa watoto wawili na turubai moja

Marahaba, mwanangu. Usifute. Huo ni ugonjwa wa kila anayeanza na mtu kwa sababu mtu ndiye mtamu kuchora.

Nakala yangu ya kwanza ya picha hiyohiyo niliiharibu vivyo hivyo. Picha yenyewe, iliyoko jumba la sanaa la Gallerie dell'Accademia mjini Venice, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: sentimita 83 kwa 73 hivi. Mimi nilipunguza kila upande kwa moja ya tano, nikapata 66 kwa 58 (sababu ya kupunguza nitamweleza mzee mmoja huko chini). Wiki tatu nzima nilikuwa na mama yule tu: bega, goti, kile kitambaa cheupe, na macho yanayokutazama kama umemfumania. Pembeni yake turubai lilikuwa jeupe pepe. Mwalimu wangu, mtu wa maneno machache, alisimama nyuma yangu kwa muda, akauliza, "Huyu amekaa wapi?" Nikamwambia amekaa kwenye nyasi. Akasema, "Basi nyasi hazina habari," akaenda zake kuosha brashi.

Nilikasirika, kisha nikaelewa. Rangi ya ngozi uliichanganya wakati jirani yake alikuwa turubai jeupe. Pembeni ya weupe kila rangi huonekana nzito, kwa hiyo mkono wako ulikuwa unaipunguza uzito bila wewe kujua: nyeupe kidogo, nyeupe tena, na tena. Lilipokuja wingu la dhoruba nyuma yake, mama akawaka kama taa. Ukampunguza mwanga usoni, lakini tatizo halikuwa usoni. Mwili wote ulipimwa kwa mizani ya jirani ambaye ameshahama.

Fanya jaribio hili kabla hujagusa brashi. Chukua karatasi ya kijivu, toboa matundu mawili madogo, kila moja ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Iweke juu ya picha uliyochapisha, tundu moja likae kwenye kivuli cha paja la mama, jingine kwenye ardhi iliyo jirani. Sasa humwoni mama wala nyasi, unaona madoa mawili tu. Utashangaa jinsi yalivyokaribiana. Kisha fanya hivyohivyo kwenye turubai lako. Nakuhakikishia hapo madoa yako mawili hayatafahamiana kabisa: moja la waridi, jingine la kijani cha tyubu.

Jambo la pili ni mpangilio wa kazi, na hili ndilo hasa tunalofuata tunaponakili. Sura ya picha unaweza kuipata kwa kamera. Unachokitafuta kwa brashi ni kujua mchoraji alifanya nini kabla ya nini. Tazama kile kichaka kilichoota mbele ya mama. Majani yake yanapita juu ya mwili wake. Basi majani hayo hayakuweza kuwekwa kabla ya mguu, na mguu nao haukuhitaji kumalizwa hadi mchoraji ajue majani yatapita wapi. Mguu na kichaka vilikua pamoja. Wewe ulimaliza mguu mpaka kucha, halafu ukawa unaogopa kupitisha majani juu yake. Najua, kwa sababu hata mimi niliogopa. Kichaka changu cha kwanza kilimkwepa mama kama kina adabu.

Na Giorgione mwenyewe hakuwa ameamua kila kitu mapema. Eksirei iliyopigwa mwaka 1939 ilionyesha kwamba chini ya yule kijana mwenye fimbo ndefu, upande wa kushoto, alikuwapo mwanamke mwingine, uchi, amekaa. Akafunikwa, akasimamishwa kijana. Mtu wa maana kama huyo alibadilishwa katikati ya safari, wewe unaogopa kugusa goti!

Sasa tumtibu huyu uliyenaye. Baada ya miezi minne rangi ya juu itakuwa imekauka vya kutosha. Chovya kitambaa safi kwenye mafuta ya kitani, matone mawili tu, umpanguse mama mwili mzima, kisha uyafute mafuta mpaka ubaki mng'aro tu. Hapo utaona rangi zake halisi, maana rangi ikikauka hufifia na kukudanganya. Halafu changanya kile ninachokiita rangi ya hewa: bluu ya ultramarini, amba (rangi ya udongo wa kahawia) na nyeupe kidogo, mpaka upate kijivu kizito cha lile wingu lililo nyuma. Ichanganye na mafuta kidogo iwe nyembamba, uone hadi chini yake. Ipitishe upande wa kivuli wa mama: chini ya kidevu, chini ya paja, mkono ulio mbali na mwanga. Usimpake. Mpitishie, kisha ufute kwa kidole, ubakishe kidogo kuliko unavyotaka. Kesho yake rudia.

Hiyo ni hewa kuingia mwilini. Safari ya kurudi nayo ipo. Mabaki ya rangi ya ngozi yaliyo kwenye kibao cha kuchanganyia usiyatupe. Yaguse kwenye kingo za ardhi karibu na mama, na chembe tu kwenye kuta za majengo ya mbali, pale mwanga unapopiga. Jicho la mtazamaji litaokota rangi ileile huku na kule, litasadiki kwamba jua lililomwangaza mama ndilo lililoangaza mji.

Mwisho kabisa ni kingo. Mtu aliyebandikwa anatambulika kwa mstari unaomzunguka mzima mzima. Tafuta sehemu tatu upande wa kivuli ambapo mwili na nyuma yake vina uzito mmoja, uchukue brashi laini, kavu, isiyo na rangi, upitishe polepole juu ya mpaka ukiwa bado mbichi. Mpaka upotee. Upande wa mwanga acha kingo moja au mbili kali, na hizo zitatosha kulibeba umbo lote.

Ukianza nakala nyingine, siku ya kwanza usichukue rangi ya ngozi kabisa. Paka turubai zima amba na oka (rangi ya udongo wa njano) iliyolegezwa kwa tapentaini, nyembamba kama chai ya rangi, halafu kabla haijakauka chukua kitambaa ufute sehemu zote za mwanga: mwili, kitambaa cheupe, radi, kuta, maji ya mto. Pale penye giza ongeza amba. Ukifika jioni picha yote iwepo, ya kahawia, mbaya, lakini yote. Finya macho mpaka maumbo yapotee ubaki na mwanga na giza tu, ulinganishe na picha unayonakili. Leonardo aliwashauri wachoraji watazame kazi yao kwenye kioo, na ushauri huo haujazeeka: geuka, shika kioo, utaona bega lililoshuka ambalo hukuliona mwezi mzima.

Baada ya hapo zunguka. Mimi natega kengele ya simu kila dakika arobaini. Ikilia nahama, hata kama niko katikati ya pua. Nikitoka mwilini naenda angani, nikitoka angani naenda mtoni. Inakera sana. Ila tangu nianze kuitega, hakuna aliyeniambia mtu wangu amebandikwa.

Kuhusu miti ya nyuma uliyosema "inakuja mbele": giza lake ndilo linaloileta. Hewa iliyo kati yetu na kitu cha mbali hutawanya mwanga wa bluu kuliko rangi nyingine, na bluu hiyo inakaa juu ya vivuli kama pazia. Kwa hiyo kinachobadilika kwanza kwa umbali ni giza: linapauka, linaingia ubluu. Weka giza lako zito kuliko yote kwenye kichaka na mti ulio karibu, halafu usilitumie tena popote kule nyuma.

*

Mwalimu, rangi yangu ilikuwa inaisha, nikaiongeza mafuta ya kupikia ili ifike mbali. Wiki ya sita hii, anga bado inanata kidoleni. Na nakala niliyoifanya mwaka jana imepasuka kama tope la kiangazi. Nimekosea wapi? – Mwenye haraka

Jina ulilojipa limejibu nusu ya swali, na kuna methali ya nusu iliyobaki, ila sitaiandika.

Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo iliyoanikwa. Kwenye nguo maji yanatoka. Kwenye mafuta hewa inaingia: oksijeni inashikana nayo, mafuta yanageuka utando mgumu. Si kila mafuta yana uwezo huo. Ya kitani yanao, ya jozi yanao japo ni ya polepole, na ndiyo waliyotumia wachoraji wa Italia. Ya zeituni hayana kabisa, unaweza kuyasubiri hadi wajukuu wakue. Hayo ya kwako, vyovyote yalivyo, yametengenezwa kwa kikaango. Komba anga yote kwa kisu cha kuchanganyia rangi, pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, anza tena. Pole.

Picha ya mwaka jana ina ugonjwa mwingine. Nadhani tabaka la chini ulilipa mafuta mengi, la juu ukalilegeza kwa tapentaini kwa sababu ulitaka liwahi. La juu likakauka likawa gumu, la chini bado linajinyoosha na kujikunja taratibu. Gumu likikaa juu ya laini linapasuka. Kanuni ya mafundi ni tabaka la chini liwe konda, la juu liwe nono. Tapentaini mwanzoni, mafuta kidogo katikati, mafuta zaidi mwishoni.

Na ukiwa na haraka kweli, anza na amba. Udongo wake una manganizi, inayohimiza mafuta yakauke, kwa hiyo mchoro wa chini wa amba iliyopakwa nyembamba mara nyingi unaweza kuchorwa juu yake siku inayofuata au ya pili yake. Nyeusi ya mifupa ni kinyume chake, inajivuta. Usiiweke chini. Vanishi isikaribie picha kabla ya miezi sita, na mimi husubiri mwaka.

Uliuliza pia, kwa mabano, kama ni kweli Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders wa karne ya 15, ndiye aliyevumbua rangi za mafuta. Hadithi hiyo ilienezwa na Vasari, Mwitalia aliyeandika maisha ya wachoraji, katika karne ya 16. Kwenye mapango ya Bamiyan, Afghanistan, kuna michoro ya ukutani ya karne ya 7 hivi iliyochorwa kwa mafuta yanayokauka. Van Eyck aliyatumia vizuri kuliko wengi, na hiyo ni sifa ya kumtosha.

*

Nina picha tatu za Mona Lisa nilizochapisha. Moja ni ya kijani, moja ya kahawia, moja kama ya dhahabu. Ninakili ipi? Tena ngozi ninayochora mimi inakuwa kama chokaa. – Aliyechanganyikiwa

Hata ukisimama mbele yake pale jumba la Louvre, Paris, hutaona rangi alizoziweka Leonardo. Kati yako na ubao wake wa mpopla, sentimita 77 kwa 53, kuna vanishi za karne nyingi zilizogeuka njano. Bluu iliyotazamwa kupitia njano huwa kijani. Ndiyo hiyo picha yako ya kwanza. Zile nyingine mbili ni kazi ya kamera na printa.

Bahati nzuri ipo nakala ya kukusaidia. Jumba la Prado, Madrid, lina Mona Lisa yake, iliyochorwa kwenye ubao wa mjozi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na mandharinyuma meusi tii na haikupewa heshima yoyote. Wahifadhi walipouondoa weusi ule, kazi iliyotangazwa mwaka 2012, yakatokea milima na njia zilezile, na nyusi juu ya macho. Walipochungulia chini ya rangi wakakuta masahihisho yanayofanana na yale yaliyo chini ya picha ya Leonardo mwenyewe. Yaani aliyeinakili alikuwa karakana moja naye, akimfuata hatua kwa hatua, bwana akibadilisha naye anabadilisha. Iweke pembeni ya picha yako ya kijani. Itakuambia anga ilikuwaje na mikono ya nguo ilikuwa na wekundu gani.

Kwa jumla, mimi sinakili uzee wa picha. Kuna wenzangu wanaonakili, wanapata kahawia tamu sana, na ninawaheshimu, lakini wanajifunza rangi za vanishi. Vivyo hivyo kwa majani. Picha nyingi za zama zile zina miti yenye majani ya kahawia, na wanafunzi huyachora kahawia wakidhani ni msimu wa majani kupukutika. Mara nyingi ilikuwa kijani ya shaba iliyobadilika kwa mwanga na miaka. Ukikuta mti wa kahawia kwenye mandhari ambayo kila kitu kingine kimechanua, mshuku.

Bluu usiihofie. Wachoraji wa zama zile waliisaga kutoka kwenye jiwe la lazuli lililotoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, ikawa ya thamani kubwa, wakaipima kama dawa. Mwaka 1828 Guimet wa Ufaransa alipewa tuzo kwa kuitengeneza kiwandani, na tyubu uliyonayo ni mjukuu wa kazi hiyo.

Ngozi ya chokaa inatokana na nyeupe yako. Wao walitumia nyeupe ya risasi, inayopitisha mwanga kidogo na yenye uvuguvugu. Sisi tunatumia nyeupe ya titani, iliyokuja mwanzoni mwa karne ya 20. Ni salama zaidi, nami sikushauri utafute risasi kwa sababu ni sumu. Ila titani ina nguvu mno: tone moja linameza rangi tatu. Kwa hiyo geuza mkono. Usianze na nyeupe ukaitia rangi. Anza na oka na nyekundu ya udongo, kisha nyeupe iingie kwa ncha ya kisu. Mwanga wa ngozi uwe na oka ndani yake kila mara. Nyeupe tupu nakuruhusu mahali pamoja kwenye uso mzima, kwenye kidoa cha mwanga cha jicho, na Mona Lisa wala hana haja nacho sana.

Ule ulaini wa kona za midomo, sfumato, jina lake limetokana na moshi. Haupatikani kwa kusugua kwa kidole mpaka rangi zote ziwe tope. Ni matabaka mengi membamba mno, kila moja likisubiri mwenzake likauke. Anza na mawili.

*

Mke wangu amegeuza sebule kuwa karakana. Sina neno na picha, ila harufu ya tapentaini inanipa kichwa, na vitambaa vyenye mafuta anavirundika kwenye kikapu chini ya dirisha. Ana haki? – Mume mvumilivu

Shemeji, weka gazeti hili chini, nenda ukavitoe vitambaa hivyo sasa hivi. Ukirudi tutaendelea.

Nimesema huko juu kwamba mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni. Kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa kinalipoteza joto hewani. Vitambaa vilivyorundikwa vinalifungia katikati, linapanda, na vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti wala cheche. Miaka kadhaa iliyopita nilitia mkono kwenye ndoo yangu ya taka kutafuta kifuniko cha tyubu kilichoniponyoka, nikakuta vitambaa vya tangu asubuhi vina joto kama paji la mgonjwa wa homa. Nilikuwa nimebakiza dakika chache nifunge mlango niondoke. Tangu siku hiyo vyangu navitandaza kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au navitia kwenye kopo la chuma lenye maji na kulifunika.

Harufu ina tiba. Madirisha mawili yanayotazamana yawe wazi, chupa ya tapentaini iwe na kifuniko kila wakati asipoitumia, na brashi azisafishe kwanza kwa mafuta ya kitani, kisha sabuni na maji. Tapentaini chafu asiimwage kwenye sinki. Aiache kwenye chupa usiku mmoja au zaidi, uchafu utatulia chini, ile safi ya juu aimimine kwenye chupa nyingine aitumie tena. Baada ya mchoro wa kahawia wa siku ya kwanza, hana sababu ya kuihitaji sana. Mimi chupa moja ndogo hunifikisha mbali.

Kuhusu sebule, hayo ni yenu wawili.

*

Mdogo wangu, nina miaka 61 na nimeanza rangi za mafuta baada ya kustaafu. Nanakili Madonna (Bikira Maria) wa Bellini aliyekaa kondeni. Wajukuu wananicheka, wanasema babu anakopi kazi za watu. Je, ni wizi? Na nikipata mnunuzi? – Babu wa kukopi

Shikamoo kaka. Waambie wajukuu kwamba Peter Paul Rubens, akiwa Madrid mwaka 1628 na 1629, alikuwa na umri wa miaka 51, ni mchoraji maarufu na mwanadiplomasia aliyetumwa kwa wafalme. Akakaa kunakili picha za Titian, mchoraji wa Venice, zilizokuwa kwa mfalme wa Hispania. Mmoja wa waliokwisha kuitwa bwana, anashika brashi kumfuata mtu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. "Adamu na Hawa" ya Titian na ile ya Rubens zote ziko Prado. Ukizilinganisha utaona Adamu wa Rubens amekaa mkao wa tofauti, na juu ya mti ameongezwa kasuku. Mzee alianza kwa kutii, akamaliza kwa kubishana. Nakutakia ufikie kasuku wako.

Wizi unaanzia kwenye udanganyifu. Bellini alifariki mwaka 1516, na Madonna wake ni wa kila mtu kumchora. Louvre wamekuwa wakiruhusu wanakili tangu jumba lilipofunguliwa mwaka 1793, na sharti lao moja ni kwamba nakala iwe kubwa au ndogo kuliko asili kwa moja ya tano, jingine ni kwamba usiigize saini ya mchoraji. Mimi sijapeleka stendi yangu Louvre, lakini masharti hayo niliyachukua. Ndiyo maana "La Tempesta" yangu ni 66 kwa 58. Nyuma ya turubai andika kwa rangi isiyofutika: nakala, baada ya Giovanni Bellini, jina lako na mwaka. Akija mnunuzi, mgeuzie picha asome nyuma kabla hajaangalia mbele.

Kwenye hiyo ya kwako, kaka, usiishie kwenye vazi la bluu. Kule kondeni kuna ndege mweusi kwenye mti usio na majani, na ndege mweupe anayepigana na nyoka. Mwanafunzi anayevikimbilia hivyo mwishoni akiwa amechoka huvichora kama mapambo. Viweke mapema, hata kwa doa la amba, ili mandhari isimwache Mama huyo peke yake.

*

Swali dogo tu: yule ndege mweupe juu ya paa kwenye "La Tempesta" ni ndege gani, na unamchoraje akiwa mdogo vile? – Mwenye miwani

Wengine humwona korongo, wengine yangeyange. Nimemtazama kwa kioo cha kukuza hadi macho yakatoa machozi, na kwangu ni miguso mitatu ya rangi: kiwiliwili, shingo, na kitu kinachoweza kuwa mguu. Brashi namba sifuri, kijivu chepesi badala ya nyeupe, kwa sababu radi ndiyo yenye haki ya kuwa nyeupe katika anga ile. Subiri paa likauke kabisa ndipo uweke, ili ukikosea uweze kumfuta bila kubomoa nyumba.

Wangu alitoka vizuri kwa miguso hiyo mitatu. Nikaongeza wa nne, wa jicho, akawa kuku. Nilimkwangua usiku uleule, na asubuhi nikakuta paa limebaki na doa la kijivu. Mpaka leo liko hivyo.